Ganda la homa ya ini: leo kinga, kesho mbeba dawa

Msafiri wa basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na hapo kote yumo ndani ya kaunti ya Makueni. Jirani yake ni Kitui. Watu wa huko ni majirani zetu, na sima yao ni ya mahindi kama yetu. Nawataja kwa sababu nataka kueleza habari inayozungumzwa sana siku hizi, ya chembe za protini zinazojiunda zenyewe na kupeleka dawa hadi kwenye saratani, na mfano wake ulio karibu zaidi nasi uko huko.

Mwaka 2004 watu wa Makueni na Kitui walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, au sumukuvu. Katika mkasa ule, uliogusa pia wilaya jirani, wagonjwa 317 walihesabiwa na 125 wakafariki, maini yao yameharibika.

Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi haanguki ghafla, lakini hujiweka karibu na saratani ya ini. Akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari ni kubwa zaidi: wataalamu wanakadiria kwamba kwa mtu huyo nguvu ya sumu hii kuleta saratani huzidi hadi mara 30.

Sasa tuangalie kirusi chenyewe. Nje kina ganda la protini na mafuta. Ajabu ni kwamba vipande vya ganda hili havihitaji fundi. Vikitengenezwa ndani ya seli vinatafutana na kushikana, kama matone ya mafuta yanavyotafutana juu ya mchuzi, mpaka vinakuwa kijidude cha mviringo chenye upana wa nanometa 22 hivi. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ndani hamna kirusi, kwa hiyo ganda peke yake haliwezi kuambukiza.

Ganda hilo tupu ndilo chanjo ya homa ya ini B. Mwili ukiliona huandaa askari wake, na siku kirusi cha kweli kikija hukuta mlango umefungwa. Wako wanaouliza protini hii imetoka kwa mnyama gani. Hutengenezwa na hamira, jamaa wa ile tunayoumulia unga wa mahamri. Kenya imewapa watoto wachanga chanjo hii tangu 2001, ndani ya sindano ya magonjwa matano, wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi imejengwa kwa njia hiyo hiyo. Protini moja hujirudia mara 360 na kujipanga kuwa mpira mdogo mtupu. Kitui ndiko Kenya ilikoanza kuijaribu mashuleni mwaka 2013, kwa wasichana wa darasa la nne. Oktoba 2019 ilipozinduliwa kwa nchi nzima, uzinduzi ulifanyika hapa kwetu Mombasa.

Na dawa je? Dawa za kemo zikiingia kwenye damu huenda kila mahali, ndiyo maana nywele hung'oka na mgonjwa hutapika. Watafiti wakajiuliza: kirusi hiki kinaijua njia ya kwenda kwenye ini, kwa nini tusilitumie ganda lake kama chombo? Mwaka 2003 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ganda lililotengenezwa na hamira linaweza kupakiwa mzigo na kuufikisha kwenye seli za ini la binadamu. Walijaribu kwa panya waliopandikizwa uvimbe wa binadamu. Mzigo ulishuka kwenye uvimbe wa ini, haukushuka kwenye uvimbe wa aina nyingine.

Safari bado ni ndefu. Aliyechanjwa mwili wake hulijua ganda hilo na huweza kulikamata kabla halijafika, kwa hiyo lazima ligeuzwe kidogo. Dawa yenye chembe za protini inayotumika hospitalini tangu 2005 ni paklitakseli iliyofungwa ndani ya albumini, protini ya damu. Faida yake ni kuondoa kiyeyusho cha mafuta ya mbarika kilichokuwa kikiwadhuru baadhi ya wagonjwa. Lakini chembe zake huundwa kwa mashine, hazijiundi zenyewe.

Kwa hiyo akija mtu kukuuzia dawa ya "nano" ya kumaliza saratani ya ini, mfungie mlango. Ganda hili kama mbeba dawa bado liko maabara. Kama kinga, liko kwenye friji ya zahanati, na kwa mtoto ni bure.

Sisi tulio wazima tuliozaliwa kabla ya 2001, wengi hatukuipata utotoni. Tupime damu. Asiye na virusi achanjwe sindano tatu katika miezi sita. Aliye navyo afuatiliwe na daktari, maana vidonge vya kuvizuia vipo. Na mahindi yakaushwe juu ya turubai hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5 kabla ya kutiwa guniani. Yaliyoota kuvu yasiliwe wala kuku wasipewe, kwani kupika hakuiondoi sumu ile.

Ukambani walilipa gharama kubwa ili somo hili lijulikane. Sisi huku Pwani, ambao gunia la mahindi hutufikia kutoka mbali na hukaa ghalani kwenye joto na unyevu wa bahari, tuna sababu zaidi ya kulishika.