Umeme wa Jirani: Kutoka Jinja Hadi Suswa



Mwezi Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, alisema kwamba serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini mwa Tanzania. Wananchi wengi waliuliza swali ambalo nawe huenda uliliuliza: tumejenga Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115 kwa jumla. Iweje basi tununue kwa jirani?

Swali hilo ni la haki, na raia anayeliuliza hastahili kubezwa. Lakini ili ulijibu vema, huna budi kujua mambo mawili. La kwanza ni kwamba umeme hupimwa kwa ubora wake pia, si kwa wingi wake tu. La pili ni kwamba majirani wa Afrika Mashariki wamekuwa wakigawana umeme kwa takriban miaka sabini, na historia hiyo ina mafunzo yake.

Tuanze na ubora. Umeme unaofika nyumbani kwako una sifa mbili kuu. Sifa ya kwanza ni volti, yaani msukumo wa umeme katika waya. Tanzania kiwango chake ni volti 230. Sifa ya pili ni marudio. Umeme wa gridi ni mkondo geu: huenda mbele na kurudi nyuma, na katika nchi zetu zote hufanya hivyo mara 50 kila sekunde. Kipimo hicho huitwa hezi 50. Volti ikishuka, taa hufifia, na mota ya jokofu huhangaika, ikavuta mkondo mkubwa zaidi, ikapata joto na hatimaye kuungua. Volti ikipanda ghafla, vifaa vya kielektroniki huharibika. Ndiyo maana watu wengi hununua stabilaiza. Ndani yake mna transfoma yenye matoleo kadhaa, pamoja na saketi ndogo inayopima volti inayoingia na kuchagua toleo linalofaa ili volti inayotoka isiyumbe sana.

Adui mmojawapo wa volti ni umbali. Waya mrefu hula sehemu ya umeme unaoupitisha, na upotevu huo hukua haraka: mkondo ukizidi mara mbili, upotevu huzidi mara nne. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakuwa wakizungumzia gridi ya taifa, lakini methali yao inaieleza vizuri. Umeme unaozalishwa Rufiji husafiri mamia ya kilomita kabla ya kufika Arusha na Kilimanjaro, na sababu iliyotolewa na serikali ilikuwa hiyo: upotevu njiani na kuyumba kwa umeme kaskazini.

Sasa turudi nyuma kihistoria. Tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alizindua bwawa la Owen Falls mjini Jinja, mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria. Leo bwawa hilo huitwa Nalubaale. Lilikuwa na uwezo wa megawati 150 hapo mwanzo, kiasi kilichozidi mahitaji ya Uganda ya wakati ule. Kwa hiyo mwaka 1955 yalifanyika makubaliano ya kuiuzia Kenya megawati 30 kwa muda wa miaka 50. Ikajengwa njia ya kilovolti 132 kupitia Tororo hadi Nairobi, na mwaka 1958 umeme wa Jinja ukaanza kuvuka mpaka.

Zingatia jambo hili: makubaliano yalifanywa chini ya utawala mmoja wa kikoloni, lakini yaliendelea kuishi baada ya uhuru, nchi zilipokuwa mbili. Mwaka 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika. Shirika la reli likagawanywa, na shirika la ndege likagawanywa. Njia ya umeme kati ya Jinja na Nairobi ilibaki mahali pake. Baadaye, mahitaji yalipobadilika, umeme ulivuka kuelekea pande zote mbili, kila nchi ikimsaidia mwenzake kwa zamu.

Wala Uganda na Kenya hazikuwa peke yake. Katika Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika, kituo cha Ruzizi ya Pili kilianza kazi mwaka 1989 kikiwa mali ya kampuni moja ya nchi tatu: Burundi, Rwanda na Kongo. Tanzania nayo si mgeni katika biashara hii. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme kutoka Uganda, na Mkoa wa Rukwa ukapata wake kutoka Zambia, kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa haijafika huko. Kwa mkazi wa Bukoba au Sumbawanga, umeme wa jirani haukuwa habari mpya ya mwaka 2025.

Hata hivyo, kuunganisha gridi mbili si sawa na kuunganisha mabomba mawili ya maji. Mitambo yote iliyo katika gridi moja huzunguka kwa mwendo mmoja, kama wapiga makasia katika ngalawa moja. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, mzigo wake huwaangukia waliobaki. Mwendo wao hupungua, na marudio hushuka chini ya hezi 50. Yakishuka mno, mitambo mingine hujizima yenyewe ili isiharibike, na hapo mzigo wa waliosalia huongezeka tena.

Kenya ililiona jambo hili kwa namna ya ajabu tarehe 7 Juni 2016. Tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, katika Mto Tana, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo ya kituo ikalemewa, na megawati zaidi ya 180 zikapotea. Nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona. Fikiri basi: ikiwa tumbili mmoja anaweza kuzima nchi, je, gridi ya nchi mbili zilizounganishwa haiwezi kuambukizana maradhi? Inaweza. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kwa sababu hiyo wahandisi waliounganisha Ethiopia na Kenya walichagua njia tofauti. Njia hiyo, iliyoanza kutoa umeme mwaka 2022, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, kutoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya. Haipitishi mkondo geu, bali mkondo mnyoofu, ambao hauendi na kurudi. Ni kama ule wa betri, ila kwa kilovolti 500. Wolayta Sodo, swichi kubwa za kielektroniki huubadili mkondo geu kuwa mnyoofu. Suswa, swichi nyingine huurudisha kuwa geu kwa kufuata mwendo wa gridi ya Kenya. Mkondo mnyoofu hauna marudio, kwa hiyo gridi mbili huuziana umeme bila kulazimika kwenda hatua moja.

Usidhani jambo hili liko mbali nawe. Chukua chaja ya simu yako usome maandishi yake. Huenda utakuta imeandikwa volti 100 hadi 240, hezi 50 na 60. Saketi iliyo ndani yake huupokea mkondo geu, huugeuza kuwa mnyoofu, kisha huupunguza hadi volti chache zinazohitajika na simu. Kazi hiyo ya kunyoosha mkondo ndiyo inayofanyika Wolayta Sodo, kwa kipimo kikubwa mno.

Lakini hata njia hii haiondoi hatari zote. Tarehe 6 Septemba 2024, njia inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilikatika, kisha njia ya Ethiopia nayo ikajizima. Megawati 488 zikatoweka kwa muda mfupi, na sehemu kubwa ya Kenya ikawa gizani. Swichi za Suswa huilinda Ethiopia isivurugwe na mwendo wa Kenya, lakini haziwezi kuipa Kenya umeme ambao haufiki.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Kenya na Tanzania ziliunganishwa kwa njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya hadi Singida, ikipitia Namanga na Arusha. Hii ni ya mkondo geu. Maana yake ni kwamba sasa mitambo ya Rufiji, ya Mto Tana na ya Jinja huzunguka kwa mwendo mmoja. Arusha imepata chanzo cha umeme kilicho karibu. Imepata pia sababu ya kujali transfoma iliyoko Gitaru.

Basi turudi kwenye swali letu. Anayesema kwamba nchi yenye bwawa kubwa haina haja ya jirani, amesahau umbali. Naye anayesema kwamba umeme wa jirani hauna gharama, amesahau tumbili. Njia iliyojengwa kwa ajili ya kununua leo inaweza kutumika kuuza kesho, kama ilivyotokea kati ya Uganda na Kenya. Kwa hiyo raia mwenye busara hatauliza tu, “Kwa nini tununue?” Atauliza pia: bei ni ipi na mkataba ni wa miaka mingapi? Hitilafu ikitokea kwa mwenzetu, ni vifaa gani vitakavyotutenga naye kwa haraka? Je, njia za kutoka Rufiji kwenda kaskazini zitaimarishwa pia? Hayo ni maswali ya ufundi, lakini majibu yake hukufikia kupitia taa na jokofu lako.

Maswali ya kujadili:

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya wingi wa umeme na ubora wake.
2. Kwa nini makubaliano ya mwaka 1955 yaliweza kudumu hata majirani walipokosana?
3. Tunga aya moja ukitumia methali “fimbo ya mbali haiui nyoka” kuhusu huduma nyingine ya jamii, kwa mfano maji au hospitali.