Bei ya Risasi na Mazoea ya Walenga Shabaha katika Uingereza na Marekani

Bunduki ya shabaha hununuliwa mara moja, na ikitunzwa vizuri huweza kumtumikia mwenyewe maisha yake yote kisha ikarithiwa na mwanawe, ilhali risasi huteketea kila inapofyatuliwa na sharti inunuliwe upya. Kwa sababu hiyo, tangu ulengaji shabaha ulipoenea kama burudani ya raia katika karne ya 19, mzigo mkubwa wa mchezo huo kwa mtu wa kipato cha kawaida umekuwa risasi. Vitabu vya mchezo huelekea kusimulia habari za mafundi wa silaha na mabingwa wa mashindano, lakini masafa ya kulengea, ukubwa wa risasi, mwendo wa kufyatua na hata desturi ya kuokota maganda baada ya mazoezi, mambo ambayo wachezaji wa leo huyachukulia kuwa mila tu, yaliumbwa kwa kiasi kikubwa na bei ya risasi na vipindi vya uhaba wake, kama historia ya Uingereza na Marekani inavyoonyesha.

Risasi kamili ya kisasa ina sehemu nne: kichwa, yaani kipande cha madini kinachoruka kwenda kwenye shabaha, baruti inayokisukuma, ganda la shaba linaloshika vyote pamoja, na fataki, yaani kemikali kidogo inayowaka kwa kugongwa na kuitia moto baruti. Katika aina moja ya risasi, fataki hupakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na nyundo ya bunduki hugonga ukingo huo. Ganda la namna hii ni jembamba na rahisi kutengenezwa, lakini likishagongwa limeharibika na halifai kutumika tena. Katika aina ya pili fataki ni kikombe kidogo kinachopachikwa katikati ya kitako. Ganda lake ni nene na la gharama zaidi, ila fataki iliyokwisha kuwaka huweza kutolewa, nyingine ikawekwa, na ganda likajazwa upya mara nyingi. Tofauti hii ya kifundi itarudi mara kwa mara katika historia inayofuata.

Risasi ya ukingo ilizaliwa kwa ajili ya burudani. Mnamo 1845, Louis-Nicolas Flobert, fundi wa Paris, alichukua fataki ya kawaida, akaipachika kitufe cha risasi, akaacha kabisa kutia baruti, na kwa kifaa hicho dhaifu watu wakaweza kulenga shabaha ndani ya ukumbi wa nyumba. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani iliongeza baruti kidogo mwaka 1857 na kupata risasi fupi ya kipenyo cha takriban milimita 5.6, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens ikatoa risasi ndefu zaidi ya kipenyo hichohicho, yenye kichwa cha gramu 2.6 hivi. Risasi hiyo ya 1887 bado ndiyo inayotumiwa na walenga shabaha duniani kote. Uzito wake unafaa kuwekwa kando ya ule wa risasi ya jeshi la Uingereza ya mwisho wa karne hiyo, ambayo kichwa chake kilikuwa na gramu 14 hivi: kwa madini ya risasi moja ya jeshi mtu angeweza kupata vichwa vitano vya risasi ndogo, akiacha kuhesabu baruti na ganda.

Uingereza ndiko mahali ambapo hesabu hiyo iligeuka kuwa mchezo wa umma. Hofu ya kuvamiwa na Ufaransa ilizaa mwaka 1859 vikosi vya raia wa kujitolea, na katika mwaka huohuo kikaundwa Chama cha Kitaifa cha Bunduki, ambacho mkutano wake wa kwanza wa mashindano ulifanyika Wimbledon mnamo Julai 1860, Malkia Victoria mwenyewe akifyatua risasi ya kwanza kutoka kwenye bunduki iliyokuwa imefungwa juu ya tegemeo. Mchezo huo wa masafa ya mamia ya yadi ulihitaji mambo matatu ambayo mfanyakazi wa kiwanda hakuwa nayo: fedha za risasi kubwa, nauli ya kufika uwanjani na siku nzima ya mapumziko. Hali ilizidi kuwa ngumu jeshi lilipopokea bunduki za Lee-Metford, kwa kuwa risasi zake zilikwenda mbali kuliko zile za zamani na viwanja vingi vilivyokuwa karibu na miji vikafungwa kwa usalama wa watu. Mashindano yenyewe ya kitaifa yalihamishwa kutoka Wimbledon kwenda Bisley mwaka 1890.

Dawa ya kwanza ilikuwa bomba lililobuniwa na Richard Morris katika miaka ya 1880, yaani mtutu mwembamba uliochomekwa ndani ya mtutu wa bunduki ya kijeshi ili ipige risasi ndogo. Mwanajeshi akabaki na silaha aliyoizoea, lakini akafyatua kwa sehemu ndogo ya gharama. Jambo lililogeuza bomba hilo na bunduki ndogo zilizofuata kuwa harakati ya nchi nzima lilitokea Afrika Kusini. Katika vita vya 1899 hadi 1902 wakulima wa Kikaburu waliwapa askari wa Uingereza fundisho kali la ulengaji, na Lord Roberts, aliyekuwa mkuu wa majeshi huko, akarudi nyumbani akihubiri kwamba kila raia ajifunze kupiga bunduki. Mwaka 1901 kikaanzishwa chama cha vilabu vya bunduki vya wafanyakazi, ambacho baadaye kilijulikana kama Chama cha Vilabu vya Bunduki Ndogo. Uzalendo ulikuwa mwingi, lakini uzalendo peke yake haukununua risasi, na ilikuwa bei ya risasi ya ukingo iliyowezesha vilabu hivyo kuishi.

Namna ya kucheza ikafuata risasi. Kwa kuwa risasi ndogo haina nguvu ya kwenda mbali, masafa yalishuka hadi yadi 25, yaani mita 23 hivi, ambayo hupatikana hata ndani ya ukumbi. Shabaha nazo zikapunguzwa kwa uwiano uleule, ili duara dogo lililo karibu limpe mlengaji ugumu sawa na duara kubwa lililo mbali. Mtu aliweza kufanya mazoezi jioni baada ya kazi, katika majira ya baridi, chini ya taa. Mnamo 1908, michezo ya Olimpiki ilipofanyika London, mashindano ya bunduki ndogo yalikuwa tayari ndani ya ratiba. Mchezo ulioanza kama nafuu ya wasio na uwezo ulikuwa umepata hadhi yake wenyewe, na hilo ni la kuheshimiwa, kwa kuwa ulidai ustadi uleule wa pumzi, jicho na kidole.

Marekani ilishika njia nyingine: serikali iliubeba mzigo. Mwaka 1903 iliundwa bodi ya taifa ya kukuza ulengaji, mwaka 1905 sheria ikaruhusu silaha na risasi za ziada za jeshi ziuzwe kwa vilabu, na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1916 ikaleta ofisi maalumu ya kusimamia ulengaji wa raia, iliyovigawia vilabu risasi. Matokeo yake ni kwamba bunduki ya kijeshi ya masafa marefu ilibaki mikononi mwa watu wa kawaida kwa muda mrefu, na mashindano ya Camp Perry, Ohio, yaliyoanza huko mwaka 1907, yakawa ya halaiki. Mpango huo ulitolewa serikalini mwaka 1996 na kukabidhiwa shirika lisilo la kiserikali.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliwanyima raia risasi, kwa kuwa shaba na madini ya risasi vilikwenda kwa jeshi, na uhaba huo ukaacha alama ambayo haijafutika. Mwaka 1943 Fred Huntington wa Oroville, California, alianza kutengeneza vifaa vya kuminya maganda matupu ya risasi ndogo za ukingo yawe koti la nje la vichwa vya risasi za kuwindia. Vernon Speer wa Idaho alifanya kazi ya namna hiyohiyo katika miaka hiyohiyo. Ganda ambalo halikuweza kujazwa tena likawa malighafi ya risasi nyingine. Vita vilipokwisha, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya ziada ya jeshi na kuwauzia watu waliojaza risasi zao nyumbani. Kujaza risasi kulikuwepo tangu karne ya 19, lakini ni katika miongo hii ndipo kulipokuwa desturi ya kawaida, yenye mashine zake, vitabu vyake vya vipimo na maadili yake, kwani mtu anayepima baruti kwa mkono wake na kuokota kila ganda hujizoeza pia kutofyatua ovyo.

Baada ya sheria ya Marekani ya 1986 kuruhusu tena biashara ya risasi kwa posta, iliyokuwa imezuiwa tangu 1968, zilifuata nyakati za wingi ambapo paketi ya risasi ndogo 500, ambayo wapigaji wenyewe huiita tofali, iliweza kumalizwa mchana mmoja bila mtu kuhesabu. Mauaji ya shule ya Sandy Hook nchini humo, Desemba 2012, yalizusha mjadala wa sheria mpya, na pamoja nao hofu ya wanunuzi. Maduka ya Walmart yaliweka kikomo cha paketi tatu kwa mteja kwa siku, watu wakapanga foleni kabla ya milango kufunguliwa, na risasi ya bei nafuu kuliko zote ikawa ndiyo adimu kuliko zote.

Jambo hilo linahitaji maelezo. Risasi ya ukingo hutengenezwa kwa mitambo yake maalumu, na faida ya kila moja ni ndogo mno kiasi kwamba kiwanda hakina haraka ya kujenga mtambo mpya kwa mahitaji ambayo huenda yakapungua mwaka ujao. Mnunuzi naye, akiona rafu tupu, hununua kuliko anavyohitaji, na ununuzi wake huiacha rafu tupu kwa anayefuata. Tena, mwenye risasi ya fataki ya katikati aliweza kurudi kwenye mashine yake ya kujazia, lakini mwenye risasi ya ukingo hakuwa na pa kukimbilia. Ndipo wengi walipohamia bunduki za upepo, ambazo hupiga kidonge cha madini kwa hewa iliyobanwa na zimo katika Olimpiki tangu 1984. Wengine wakafanya mazoezi ya kufyatua bunduki tupu. Na waliobaki wakarudi kwenye mwendo wa wazee wa vilabu vya Uingereza, wa risasi chache zinazofikiriwa moja moja. Walioumia zaidi walikuwa wanaoanza, kwa kuwa ndio wanaohitaji kupiga nyingi.

Uhaba wa 2020 na 2021, ulioletwa na janga la korona na wimbi la wanunuzi wapya wa silaha, huku kampuni ya silaha na risasi ya Remington ikiwa imefilisika Julai 2020, uliwafikia hata wajazaji wa nyumbani. Ganda waliliokota, vichwa wakavisubu wenyewe, lakini fataki haitengenezwi jikoni, na viwanda vinavyoitengeneza vilitanguliza risasi zao vyenyewe.

Vilabu vikongwe vya shabaha huhifadhi kwa fahari vikombe na kadi za mabingwa wao. Inafaa vihifadhi kwa uangalifu uleule daftari zao za manunuzi ya risasi, kwa kuwa ndimo mtafiti atakapoona ni mwaka gani wanachama walipiga mara nyingi, ni mwaka gani walinyamaza, na ni nani waliouacha mchezo kwa kushindwa gharama.