Ung'amuzi wa Hitilafu katika Mitandao Pasiwaya

Mwaka 2013, serikali ya kaunti ya Nakuru, kwa kushirikiana na kampuni ya Liquid Telecom, ilipowafungulia wakazi wa mji wa Nakuru intaneti ya bure ya hewani, mradi ule ulipewa jina la Bilawaya. Nalo, kwa kuwa hapana mwuza mitumba wala kondakta aliyehitaji kufasiriwa, lina fadhila kuliko "pasiwaya" ya wataalamu, ambayo hata hivyo nimeiacha katika anwani. Waya, pamoja na udhia wake wote, ulikuwa kizuizi, maana aliyetaka kudukiza maneno ya watu sharti kwanza aufikie. Ilhali mawimbi hupenya ukuta, yakapokewa sawasawa na mwenye nia njema na mwenye hila.

Kumtambua mwenye hila kuna njia mbili. Ya kwanza huweka daftari la mashambulizi yaliyokwisha kujulikana, basi. Ya pili, ambayo Dorothy Denning wa Marekani aliiwekea msingi katika makala yake ya mwaka 1987, haiulizi shambulio lina sura gani, bali huuliza mfumo wenyewe una ada gani, kisha hutahadharisha kila ada hiyo inapovunjwa. Hii ndiyo niitayo ung'amuzi wa hitilafu. Wapendao kusema "kasoro" siwaungi mkono: kasoro ni upungufu, na mtandao uliovamiwa waweza kutenda kazi pasi na upungufu wowote; hitilafu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni tofauti, ni kutoafikiana, kabla mafundi wa umeme hawajaitwaa.

Tutazame, kwa mfano, ujumbe mdogo ambao kituo cha mawimbi huipelekea simu kuiarifu kwamba muunganisho umekatwa. Kwa kanuni za mitandao pasiwaya za mwaka 1997, ujumbe huo haukuwa na muhuri wa kumthibitisha mpelekaji, hata mtu aliyeketi ndani ya matatu stendi, kwa kughushi anwani ya kituo, aliweza kuwatoa watu wote mtandaoni, kisha akawangojea kwa kituo chake bandia chenye jina lile lile. Muhuri uliongezwa mwaka 2009, lakini vifaa vya zamani haviujui. Hata hivyo kila ujumbe wa namna hiyo hubeba nambari ya mfuatano, kati ya 0 na 4095. Na mtambo mlinzi, ukisikia anwani moja ikihesabu 812, 813, kisha 2970, kisha 814, nayo nguvu ya mawimbi ikipanda na kushuka ilhali kituo kimefungwa darini wala hakitembei, hung'amua kwamba wanaonena kwa jina hilo ni wawili.

Taabu iko katika ada yenyewe. Mtambo uliofunzwa Naivasha katika juma tulivu utapiga kelele usiku kucha yajapo mashindano ya Safari Rally, yaliyorudi katika ratiba ya dunia mwaka 2021, kwa kuwa simu ngeni zimefurika kwa mpigo. Zote ni hitilafu, na huenda hakuna adui hata mmoja. Mtambo ukilegezwa, adui hupata maficho. Sioni dawa ila ada ipimwe mahali penyewe na kwa majira yake.

Na adui akipatikana, sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta humwadhibu anayeingilia mfumo bila idhini. Lakini kengele ya hitilafu peke yake si ithibati ya kumtosha hakimu, hivyo fundi hana budi kuzihifadhi jumbe zenyewe, pamoja na saa na nguvu ya mawimbi, kabla kumbukumbu ya mtambo haijafutika.