Vitabu vya Kilatini Uchaggani: Hoja ya Kukusanya Matoleo Yasiyo na Bei

Kwa desturi ya wakusanyaji wa Ulaya, kitabu cha mwandishi wa Kirumi hupimwa kwanza kwa mchapaji na mwaka. Plinius Mzee aliyechapwa Venezia mwaka 1469 hushindaniwa mnadani. Vivyo hivyo Vergilius wa mwaka 1501, ambaye Aldus Manutius alimchapa kwa herufi za mlazo, katika kitabu kidogo cha kushikika kiganjani. Ninadai kwamba kipimo hicho hakifai Moshi. Mkusanyaji wa hapa, awe mtu, chuo au jimbo, hana budi kuanza na vitabu ambavyo mnada hauvitazami: matoleo ya shule ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, yaliyopanda mlima pamoja na misheni.

Kilatini kilifika Kilimanjaro kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Kilema mwaka 1890 na ya Kibosho mwaka 1893. Kilema hutajwa kila mara kwa habari ya kahawa, ni mara chache kwa habari ya elimu ya Kirumi. Lakini Misa ilikuwa ya Kilatini, na kijana aliyetaka upadre hakuwa na njia ya kuikwepa lugha hiyo: sarufi kwanza, kisha Caesar na Cicero, ndipo falsafa na teolojia. Njia ya pili ni ya Walutheri wa Leipzig, walioanza kazi Machame mwaka 1893. Chama chao kilihamishwa na Karl Graul kutoka Dresden kwenda Leipzig mwaka 1848, ili wamisionari wasome chuo kikuu. Mwaka uliofuata, katika mji huohuo, kampuni ya Teubner ilianzisha mfululizo wake wa waandishi wa Kigiriki na Kirumi, ambao wanazuoni wanautegemea mpaka leo.

Njia hizi zisichanganywe. Kwa Mlutheri, Kilatini kilikuwa elimu aliyokuja nayo mchungaji mwenyewe, wala hakikuwa lugha ya ibada ya Wachagga. Kwa Mkatoliki kilikuwa somo la mwanafunzi Mchagga. Kwa hiyo katika nakala ya Teubner iliyotoka nyumba ya mchungaji tutafute jina la mmiliki na mahali alipoinunua. Katika Caesar wa seminari tutafute zaidi: mhuri wa nyumba, majina ya wanafunzi waliopokezana kitabu mwaka hadi mwaka, maana iliyoandikwa kwa penseli juu ya kitenzi kigumu.

Muuza vitabu huziita alama hizo kasoro na hushusha bei kwa ajili yake. Mimi naona ndizo thamani yenyewe. Maandishi ya Caesar tunayo katika machapisho mamia, lakini ushahidi wa jinsi kijana wa Rombo au Kibosho alivyopambana na sentensi zake, na kwa lugha gani alijieleza pambizoni, hauwezi kununuliwa London wala Paris. Nakala ya namna hiyo isisuguliwe kwa kifutio, isikatwe kingo, isivishwe jalada jipya.

Wapo watakaosema kwamba Kilatini ni mzigo wa wakoloni. Wanaweza kujibiwa kwa jina la Terentius, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa mzaliwa wa Karthago, au Apuleius wa Madauros, Waafrika walioandika Kilatini kabla Wajerumani na Waingereza hawajajifunza kukisoma. Lakini sitegemei jibu hilo, kwa sababu Afrika Kaskazini ni mbali na Kilema. Jibu lenye nguvu liko karibu. Askofu Joseph Kilasara aliongoza jimbo la Moshi kuanzia 1960 hadi 1966, miaka iliyoupokea Mtaguso wa Pili wa Vatikano wote, ambao hotuba zake zilitolewa kwa Kilatini. Kwa kizazi chake lugha hiyo ilikuwa chombo cha kazi, na historia ya elimu ya mlima huu itakuwa pungufu tukiitupa.

Tena muda hautusubiri. Mwezi Februari 1962 Papa Yohane XXIII aliagiza Kilatini kiimarishwe seminarini. Desemba 1963 Mtaguso ukafungua mlango wa lugha za watu katika liturujia, na vitabu vya Kilatini vikaanza kulala kabatini. Hapo tatizo la karatasi linaingia. Plinius wa 1469 yuko juu ya karatasi ya matambara ya kitani, ngumu na yenye kustahimili. Kitabu cha shule cha 1890 mara nyingi ni cha rojo la mbao, lenye asidi inayokifanya kiwe cha njano na kuvunjika kikikunjwa. Ongeza unyevu wa masika kwenye miteremko ya kusini, ukungu na mchwa. Kile cha bei kubwa kitaishi. Hiki cha bei ndogo ndicho kinachokufa.

Nawaomba maparoko, walezi wa seminari, wachungaji na familia zilizorithi masanduku ya vitabu: kabla ya kabati lolote kumwagwa, andikeni orodha. Mwandishi, mji, mchapaji, mwaka, mihuri, majina ya waliokishika. Kisha kiwekeni kitabu mahali pakavu, kikiwa kimeinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta, na kibaki hapohapo Kilimanjaro.