Kula Zanzibar: sahani ya Forodhani na mchele wa Kasongo

Mkongomani anayefika Mji Mkongwe wa Zanzibar na kuuliza chakula cha wenyeji, mara nyingi anaelekezwa Forodhani. Jua likizama, wachuuzi wanawasha makaa, wanapanga pweza, mishkaki na mihogo ya kuchoma, na pembeni miwa inakamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Ni pahali pazuri pa kukaa ukiangalia bahari. Ila watalii ni wengi, kwa hiyo ni vema kuuliza bei kabla ya kushika sahani.

Jina lenyewe lina historia. Forodha ni nyumba ya ushuru, na hapo ndipo pembe za ndovu na karafuu zilipopitia kwenda ng'ambo. Bustani yenyewe ilitengenezwa miaka ya 1930, wakati wa kusherehekea miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa.

Anayetaka kula kama wakaaji wa mji, aingie ndani zaidi: Darajani, kwenye soko lililofunguliwa 1904, na vichochoro vya Mkunazini. Pale atapata urojo, mchuzi mzito wa manjano wenye uchachu wa embe bichi, ndani yake viazi, bajia, kachori na vipande vyembamba vya muhogo wa kukaanga. Mkono wa Wahindi uko humo wazi. Bokoboko, ngano iliyopondwa na nyama hadi ikalainika, ni urithi wa Waarabu wa Oman. Na muhogo, ambao sisi Wakongomani tunauona kuwa wetu tangu mababu kwa sababu ya bugali na sombe, uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika.

Lakini Mkunazini si mahali pa kula tu. Hapo lilikuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873, na juu yake likajengwa kanisa kuu la Anglikana. Mashamba ya karafuu yaliyotajirisha kisiwa yalilimwa na watu waliotekwa bara, na kati yao walikuwamo Wamanyema. Anayekula pilau yenye karafuu pale, anakula pia jasho lao.

Misafara iliyowachukua ilikuja na kitu pia. Wafanyabiashara wa pwani walipoweka makao Nyangwe na Kasongo, walipanda mpunga kama kwao, na Maniema inajulikana kwa mchele hadi leo. Kiswahili kilifuata njia hiyo hiyo. Mkubwa wao, Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar, akajenga utawala wake Kasongo, kisha akarudi kisiwani na kufia huko 1905. Nyumba yake bado imesimama mtaa wa Shangani, na kutoka Forodhani ni dakika chache kwa miguu.