Chotara wa Jirani

Anayeanza kufuga leo hupewa shauri la aina mbili: atafute kuku wa kienyeji asiye na mchanganyiko, au aagize vifaranga wa siku moja kutoka kiwanda cha kutotolesha. Anayekwenda kwa mfugaji wa mtaani na kurudi na chotara wachache kwenye tenga huhesabiwa kuwa amekosa uwezo wa kufanya vizuri zaidi. Nadhani hukumu hiyo inapingana na historia. Kuku walienea kwetu kwa njia hii hii, na walipoletwa kwa njia nyingine mara nyingi hawakudumu.

Kuku si ndege wa asili ya Afrika. Babu yake, kuku-mwitu mwekundu, ni wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na huku alifika na watu. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa hai tangu karne ya 7. Uchunguzi wa nasaba ya mama katika kuku wa Afrika Mashariki unaonyesha koo zaidi ya moja, nyingine za Asia ya Kusini, nyingine za mashariki zaidi. Hata Kuchi, yule mrefu mwenye kifua kipana anayesifiwa Mwanza na Shinyanga, amekutwa na undugu wa karibu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Basi kishingo, kidimu na Kuchi wanaookota pamoja uani ni mjumuiko wa safari nyingi, na kumdai anayeanza atafute kienyeji asiyechanganyika ni kumtuma atafute kitu ambacho pwani na bara hazijapata kuwa nacho.

Hata kuku wa kigeni waliotumwa kuja kuwaboresha wetu wana asili hiyo. Rhode Island Red alizaliwa Marekani katika karne ya 19, pale wafugaji wa kawaida walipopandisha majogoo mekundu ya Kimalay, yaliyoletwa na mabaharia, kwa mitetea ya mashambani mwao. Alikuwa chotara wa kijijini kabla ya kuandikwa kuwa mbegu. Alipoletwa kwetu alikuja kwa mpango: mkulima apewe jogoo la kisasa, aondoe majogoo yake. Kenya ilikuwa na mpango wa taifa wa kuendeleza kuku tangu 1976, na kubadilishana majogoo kulikuwa sehemu yake. Udhaifu wa njia hiyo ulijulikana mapema. Jogoo lililozoea chakula cha banda lilishindwa kujitafutia, mdondo ulilimaliza, na wakulima wengi hawakuchinja majogoo yao. Ndege alifika, lakini malezi yake hayakufika naye.

Mradi wa kupima kuku bora ulioanza 2014 Tanzania, Ethiopia na Nigeria ulikwenda kinyume. Vifaranga wa aina kama Kuroiler na Sasso walilelewa kwanza kwenye joto na kuchanjwa, wakakabidhiwa kaya wakiwa na takriban wiki 6. Kazi hiyo ya wiki za mwanzo, ambazo ndizo zenye vifo vingi, ndiyo mfugaji mzuri wa jirani huifanya kabla ya kuuza.

Kuna mapingamizi ya kweli. Kiwanda kinaweza kuchanja kifaranga dhidi ya ugonjwa wa Marek siku ya kuanguliwa. Jirani kwa kawaida hana chanjo hiyo. Kwa hiyo muulize kama amechanja mdondo kwa matone ya macho na lini atarudia, kisha watenge wageni wiki mbili. Tena, watoto wa chotara hawafanani: mmoja hutaga sana, mwenzake huwa mdogo, mwingine haatamii kabisa. Anayetaka mayai na nyama ya nyumbani anaweza kuishi na hilo, mradi awe na mtetea wa kienyeji wa kulalia mayai.

Pingamizi zito ni la Kuchi kumezwa na mchanganyiko huu mpaka apotee. Hilo silipuuzi, ila dawa yake haiko kwa mnunuzi wa vifaranga 10. Iko kwa anayeuza: abakize jogoo la Kuchi na mitetea yake kwenye banda la peke yao, hata msimu ambao bei ya sikukuu inamshawishi awauze wote.