Maumivu ya Kiuno na Mguu: Jinsi Waganga Walivyoyafahamu

Shituru ni mahali pa kazi nzito. Kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme kilifunguliwa hapa mwaka wa 1929 na Union Minière, na tangu siku zile migongo mingi imeinua na kubeba. Basi, si ajabu kumsikia mtu akisema: niliinama kuchukua gunia, maumivu yakashuka kama moto toka kiunoni hata kidole cha mguu. Jirani mmoja atasema amelogwa. Mwingine atamwambia alale mwezi mzima. Mwingine atamwogopesha kwa kisu cha daktari. Ndugu wasomaji, historia ya ugonjwa huu yatuonyesha nani wa kusikilizwa.

Uti wa mgongo una pingili, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini. Nje yake ni ukanda mgumu, ndani yake ni kitu kama ute mzito. Ukanda ukichanika, ute hutokeza na kuuchokoza mshipa wa fahamu uendao mguuni. Ndiyo maana ugonjwa uko kiunoni, lakini mguu ndio unaolia. Mara nyingi huharibika visahani viwili vya chini kabisa, maana huko uzito ni mwingi.

Wayunani wa kale waliyajua maumivu haya, nao waliyahesabu kuwa ya nyonga. Mwaka wa 1764 Domenico Cotugno, mganga wa Napoli, alieleza kwamba yaweza kutoka katika mshipa wa fahamu wenyewe. Lakini chanzo kilibaki kimefichika. Waganga waliopasua migongo walikuta vinundu, wakadhani ni uvimbe. Mwaka wa 1934, huko Boston, Mixter na Barr walionyesha kwamba vingi vya vinundu hivyo ni vipande vya kisahani kilichotokeza.

Tangu hapo wengi walipasuliwa. Mwaka wa 1964 Lyman Smith wa Marekani alieleza njia nyingine: sindano ya dawa iliyotolewa katika utomvu wa papai, ule ule ulainishao nyama ngumu, ili kuyeyusha ute wa kisahani. Wengine walipata nafuu, lakini wachache walidhurika vibaya, na dawa hiyo ikaachwa.

Je, kisu ni lazima? Mwaka wa 1983 Henrik Weber wa Norway alitoa habari za wagonjwa 126 waliogawanywa kwa kura, hawa wapasuliwe, hawa wasipasuliwe. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora. Baada ya miaka 10 walikuwa sawasawa. Kisu huharakisha nafuu, lakini mwili nao hujiponya. Na kulala je? Mwaka wa 1986 waganga wa Marekani waliona kwamba wenye maumivu ya mgongo walioambiwa wapumzike siku 2 walirudi kazini mapema kuliko walioambiwa siku 7.

Kwa hiyo wagonjwa wengi hupata nafuu katika majuma machache bila kupasuliwa. Mgonjwa atembee kidogo kidogo, aache kwa muda kuinua vizito, atumie dawa ya maumivu kwa shauri la mganga, kisha afanye mazoezi ya mgongo. Kama mguu unazidi kuuma baada ya majuma mengi, au unalegea, daktari ataangalia kama kupasua kunafaa.

Lakini mkojo ukizuia, sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu yote miwili ikilegea, asingoje hata kesho: aende hospitali siku ile ile, asije akapooza. Tena, maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda yaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho Percivall Pott wa London alieleza madhara yake mwaka wa 1779. Hicho kina dawa zake.

Nanyi wa nyumbani, msimwite mvivu mtu ambaye jeraha lake halionekani. Mpeni kazi nyepesi, na gunia lichukuliwe na wawili.